Nimepata nafasi ya kusomea oganoidi za saratani Uholanzi. Niende?

"Nina miaka 27, ni mteknolojia wa maabara katika hospitali ya rufaa Kanda ya Ziwa, na mwaka jana nilimaliza uzamili wa baiolojia ya molekuli. Baba alifariki kwa saratani ya umio nikiwa kidato cha sita. Sasa nimeitwa kwenye mahojiano ya nafasi ya uzamivu Uholanzi, kwenye kundi linalootesha oganoidi za saratani. Nyumbani maneno ni mengi. Mjomba anasema hao ni watu wanaotengeneza viungo vya binadamu kwenye chupa, na huko ni kumchokoza Mungu. Mama anaamini nikirudi nitakuwa natibu saratani. Bosi wangu ananiambia nitajifunza kitu ambacho sitakitumia hapa maisha yangu yote, maana hata formalini hutuishia. Na shangazi amegundulika juzi kuwa na saratani ya utumbo mpana. Ndugu wanauliza kama uvimbe wake unaweza kupelekwa huko ukaoteshwa, dawa zikajaribiwa kabla hajaanza matibabu. Je, hii ni kazi kweli? Niende au nibaki?"

Mdogo wangu, pole kwa baba, na pole kwa hili la shangazi. Naanza na yeye, maana mengine yote uliyoandika yanaweza kusubiri, lake haliwezi.

Msimcheleweshe hata wiki moja kwa kungoja oganoidi, yaani vifundo vidogo vya seli za uvimbe wa mgonjwa vinavyooteshwa maabara. Kipande alichotolewa kwenye biopsi kiliingizwa pale pale kwenye formalini, ile dawa ya kuhifadhia vipande, kisha kikagandishwa kwenye nta ili kikatwe na kuangaliwa kwa darubini. Wewe ni mtu wa maabara, unajua: seli zilizopita humo zimekufa, na hakuna fundi Utrecht ya Uholanzi wala Tokyo atakayeziotesha. Hata angetolewa kipande kibichi leo, kukikuza mpaka kifikie kujaribiwa dawa ni kazi ya wiki kadhaa, na vipande vingi vinagoma kuota. Kipimo chenyewe bado ni cha watafiti zaidi kuliko cha wodini. Isitoshe, saratani ya utumbo mpana ambayo haijasambaa kwa kawaida huanza kutibiwa kwa kisu, na kwenye kisu oganoidi hazina la kusema.

Anachohitaji shangazi ni kukaa uso kwa uso na daktari bingwa wa upasuaji au wa saratani, ripoti ya patholojia na picha za CT zikiwa mezani. Muulizeni uvimbe uko sehemu gani ya utumbo, umefika wapi, na kama kile kipande kilichoko kwenye nta kinaweza kupimwa kuona iwapo mfumo wa seli wa kurekebisha makosa ya vinasaba umeharibika. Kipimo hicho kinafanyika kwenye nta hiyo hiyo, kinaweza kubadili uchaguzi wa dawa, na wakati mwingine kinatoa habari inayowahusu ndugu wa damu, wewe ukiwemo. Tumbo likimvimba, akaanza kutapika, akashindwa kupata choo hata kutoa hewa, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, si ya kesho asubuhi.

Sasa mjomba. Sina ugomvi naye. Magazeti ndiyo yaliyomwambia kuna "ini dogo" na "ubongo mdogo" ndani ya chupa, na sisi watafiti tukafurahia vichwa hivyo vya habari kwa sababu vinaleta ruzuku. Mimi nikifungua inkubeta, lile sanduku la joto la kukuzia seli, asubuhi naona kisahani cha plastiki chenye matone ya jeli, na ndani ya kila tone vitu vya mviringo vidogo kuliko ufuta. Havina mishipa ya damu wala neva, na havitapandikizwa kwa mtu yeyote kama kiungo. Oganoidi za saratani hazitokani na mimba wala kiinitete. Zinatoka kwenye kipande cha uvimbe ambacho daktari ameshakikata, ambacho kisingekuja kwetu kingeishia kwenye tanuri la taka za hospitali. Kwa hiyo kinachokua pale ni ugonjwa wa mtu, kwa ruhusa yake. Mjomba akitaka kuuliza kuhusu hiyo ruhusa, hapo atakuwa ameuliza swali la maana sana, na nitalirudia.

Namna inavyofanyika inafaa uielewe vizuri, kwa sababu kwenye mahojiano wataichimba. Utando wa ndani ya utumbo hubadilishwa karibu wote kila baada ya siku 4 au 5. Kuta zake zimejaa vishimo vidogo mno, na chini kabisa ya kila kishimo kuna seli shina chache. Hizo hugawanyika, watoto wake hupanda ukuta taratibu kama watu wanaopanda ngazi, wanakomaa njiani, wakifika juu wanapukutika na kwenda na chakula. Mwaka 2007, kwenye maabara ya Hans Clevers mjini Utrecht, Nick Barker na wenzake walionyesha kwamba seli shina hizo zinatambulika kwa alama moja, Lgr5. Mwaka 2009 daktari wa Kijapani aliyekuwa akifanya utafiti katika maabara hiyo, Toshiro Sato, akachukua seli moja yenye alama hiyo, akaitia kwenye jeli iitwayo Matrigel, akaipa protini tatu. EGF huihimiza seli igawanyike. Noggin huzima amri inayoiambia ikomae. R-spondin huongeza sauti ya amri nyingine, Wnt, ile inayoifanya ibaki shina. Kutoka seli ile moja vikaota vishimo vipya, na ngazi yake, na watoto wanaopanda. Kabla ya hapo, kukuza seli za kawaida za utumbo kwa muda mrefu nje ya mwili, bila majirani zake, kulikuwa kunawashinda watu.

Ukishaelewa hilo, saratani inaeleweka yenyewe. Kwenye saratani nyingi za utumbo mpana jeni iitwayo APC imevunjika, na kazi yake ilikuwa kuizuia ile amri ya Wnt. Ikivunjika, amri inabaki wazi kama bomba lisilo na koki. Basi mtafiti anafanya ujanja mmoja mzuri: anaotesha kipande cha mgonjwa bila kukipa Wnt wala R-spondin. Seli za kawaida, zinazotegemea kuambiwa, zinakufa. Seli za saratani, zisizohitaji kuambiwa na mtu, zinaendelea. Siku nilipoelezwa hilo mara ya kwanza nilirudi chumbani nikashindwa kulala. Ugonjwa unachujwa kwa kosa lake wenyewe. Kwenye uvimbe wenye jeni ya p53 iliyoharibika kuna ujanja unaofanana: unatia kemikali ya nutlin, ambayo huua seli zenye p53 nzima na kuziacha za saratani.

Mwaka 2011 Sato na wenzake walitoa njia ya kuotesha utumbo wa binadamu na saratani zake. Mwaka 2015 kundi la Utrecht lilichapisha ghala hai la oganoidi za saratani ya utumbo kutoka kwa wagonjwa 20, wengi wakiwa na oganoidi za saratani na za sehemu nzima ya utumbo wao, vikiwa jozi. Tangu HeLa ya mwaka 1951, seli zilizochukuliwa kwa Henrietta Lacks kule Baltimore bila yeye kuulizwa, tulikuwa tukijaribu dawa kwenye seli zilizolazwa juu ya plastiki kama chapati. Ni uvimbe wachache tu unaokubali kuishi hivyo, na ukikaa miaka hapo unakuwa mnyama mwingine. Njia nyingine ilikuwa kupandikiza uvimbe wa mgonjwa kwa panya, jambo linalochukua miezi, na panya wenyewe si bei ya nyanya.

Hapo ndipo tunafika kwa mama, na hapa nitasema ukweli ambao watu wa fani yangu hawapendi kuutanguliza.

Mwaka 2018 watafiti wa Institute of Cancer Research ya London, wakiongozwa na Georgios Vlachogiannis na Nicola Valeri, walilinganisha oganoidi na wagonjwa wenyewe waliotoa vipande vile, watu wenye saratani za mfumo wa chakula zilizosambaa. Dawa iliyoshindwa kwenye kisahani ilishindwa pia kwa mgonjwa, kila mara. Dawa iliyofanya kazi kwenye kisahani ilimsaidia mgonjwa mara 88 kati ya 100. Namba hizo zilizunguka dunia. Utazikuta kwenye nusu ya maombi ya ruzuku ya fani hii.

Ambazo hutazikuta mara nyingi ni za jaribio la Waholanzi liitwalo SENSOR, lililochapishwa mwaka 2021. Walichukua watu wenye saratani ya utumbo ambao dawa za kawaida zilikuwa zimeshindwa au zinaelekea kushindwa. Katika wagonjwa 54 waliofaa, oganoidi ziliota kwa 31. Mwishowe wagonjwa 6 walipewa dawa ambayo ilikuwa imeziua oganoidi zao. Hakuna hata mmoja ambaye uvimbe wake ulisinyaa kwa kiwango kinachohesabika. Miaka miwili kabla, kundi hilo hilo la Uholanzi lilikuwa limeonyesha kwamba oganoidi zinabashiri vizuri nani atasaidiwa na dawa ya irinotecan, lakini hazibashiri kwa mchanganyiko wa dawa za 5-FU na oxaliplatin, ambao ndio mkate wa kila siku wa wagonjwa wa utumbo mpana.

Sababu hazijifichi sana. Ndani ya tone la jeli hakuna damu, hakuna askari wa kinga, hakuna zile seli za nyuzinyuzi zinazouzunguka uvimbe na kuukinga. Hakuna ini. Dawa kama cyclophosphamide haina kazi mpaka ini liigeuze. Ukiimimina kwenye kisahani oganoidi zinaiangalia tu. Tiba zinazoamsha kinga ya mwili huwezi kuzijaribu bila kuingiza seli za kinga za mgonjwa huyo huyo, kazi ambayo kundi la Emile Voest mjini Amsterdam lilionyesha mwaka 2018 kuwa inawezekana, ila ni ngumu. Halafu kipande chenyewe kimetoka upande mmoja wa uvimbe, na upande wa pili una tabia zake. Kwa muhtasari wa mtu aliyechoka kubishana kwenye mikutano: kisahani kinajua kukataa kuliko kinavyojua kukubali. Kujua dawa ipi isimpotezee mgonjwa nywele, pesa na wiki zake ni jambo kubwa. Lakini mwambie mama kwamba hutarudi na dawa. Utarudi na njia ya kuuliza maswali, na shangazi zako watakupigia simu usiku kukuomba dawa, nawe itabidi ujifunze kusema "nendeni mkamwone daktari" bila sauti yako kukatika. Mimi bado najifunza.

Bosi wako ndiye aliyenifanya nikae kuandika jibu refu hivi, kwa sababu ana nusu ya ukweli.

Nusu hiyo ni gharama. Mililita 10 za Matrigel ni mamia ya dola. Jeli yenyewe hutolewa kwenye uvimbe wa panya, husafirishwa ikiwa imeganda, ikipata joto la chumba inashikana na huitumii tena. Protini za ukuaji ni ghali kuliko hiyo jeli. Umeme ukikatika saa sita na jenereta ikagoma, inkubeta na freza zinageuka makabati. Mtu anayekuambia utarudi nyumbani na kufungua ghala kama la Utrecht ndani ya mwaka mmoja anakudanganya.

Ila gharama zina njia za uchochoroni. Kuna seli za panya ziitwazo L-WRN, zilizotoka kwenye maabara ya Thaddeus Stappenbeck kule St. Louis, Marekani, ambazo zenyewe humwaga Wnt, R-spondin na Noggin kwenye maji zinamokuzwa. Unazikuza, unakusanya maji yake, unayachuja, umeshapata protini tatu ghali kwa bei ya chakula cha seli. Jifunze kupika maji hayo kabla hujajifunza kitu cha kung'aa. Huko Ulaya huwaachia mafundi kazi hiyo, wanafunzi wa uzamivu wanaikwepa. Wewe usiikwepe.

Nusu ya pili bosi wako hajaiona, na ipo kwenye kaburi la baba yako. Samahani kwa kulitaja wazi. Kuna ukanda wa saratani ya umio unaoanzia Ethiopia, unapita Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi, hadi Afrika Kusini. Kwenye ukanda huu inawapata wanawake kwa wingi kuliko inavyotarajiwa, na wengine ni vijana, watu ambao hawajafika hata miaka 40. Madaktari wa hospitali ya Tenwek kule Bomet, Kenya, wameyaandika haya miaka mingi. Utafiti ulioratibiwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani la Lyon, uliofanyika Eldoret, Moshi na Blantyre, umeihusisha na mambo kadhaa, mojawapo chai na uji unaonywewa ukiwa wa moto sana. Lakini hakuna anayeweza kusema kwa uhakika kwa nini hapa, na kwa nini vijana. Ulaya Magharibi saratani ya umio sasa mara nyingi ni ya aina nyingine, inayoanzia kwenye tezi upande wa chini karibu na tumbo, ndugu wa kiungulia cha muda mrefu. Yetu inatoka kwenye utando wenyewe wa umio. Basi ghala la Utrecht linaweza kujaa hadi dari na bado lisiwe na jibu la mgonjwa wa Bomet au wa Moshi. Uvimbe wa baba yako haujaoteshwa kwa wingi unaostahili, na atakayeuotesha lazima awe mtu anayejua njia ya kutoka chumba cha upasuaji cha hapa hadi kwenye inkubeta.

Tumeshapita njia hii zamani. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji Kampala, aliandika kuhusu uvimbe wa taya wa watoto. Mwaka 1961 alitoa mhadhara London, na miongoni mwa waliokaa kusikiliza alikuwapo Anthony Epstein, aliyeshuku kuna virusi ndani yake. Vipande vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Desemba 1963 ukungu ulifunga uwanja wa London, ndege ikatua Manchester, na kipande kilipofika jioni maji yake yalikuwa yamechafuka. Wengi tungesema bakteria wameingia, tukamwaga. Epstein akayaangalia kwenye darubini akakuta ni seli hai za uvimbe, zimejitenga zinaelea. Zikakuzwa, na mwaka 1964 yakachapishwa matokeo ya virusi ambavyo leo dunia nzima inaviita Epstein-Barr. Kila nikiisimulia hadithi hii kwa wanafunzi wanaipenda kwa sababu ya ukungu. Mimi huwauliza kipande kile kilitoka kwa mtoto gani, na nani Kampala aliulizwa kama kinaweza kupanda ndege.

Hilo ndilo swali nililosema mjomba angeuliza vizuri. Siku hizi kuna fomu za ridhaa, kamati za maadili, kwa upande wetu NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na mkataba wa kuhamisha sampuli nje ya nchi. Usiione karatasi hiyo kama urasimu wa kukuchelewesha. Oganoidi haiishi kama kipande cha kwenye nta. Inaendelea kukua, inagawanywa, inagandishwa, inaweza kuuzwa kwa kampuni ya dawa. Pesa ipo kweli: mwaka 2022 Clevers mwenyewe alihamia kampuni ya dawa ya Roche kuongoza utafiti wa awali wa dawa, na Desemba 2024 kampuni ya Merck ya Darmstadt ilitangaza kuinunua HUB, taasisi ya Utrecht iliyokuwa ikishika haki za uvumbuzi wa oganoidi. Mwishoni mwa 2022 Marekani ilipitisha sheria iliyoondoa sharti la lazima la kujaribu dawa mpya kwa wanyama kabla ya watu. Kampuni zinatafuta watu wanaojua kuotesha vitu hivi. Ajira hazitakupungukia, ila nyingi ziko Basel na Boston, na barua ya ajira ya Basel huwa inafika wiki ile ile unayopanga mizigo ya kurudi nyumbani.

Kuhusu maisha yenyewe ya kila siku, sahau picha ya mtu mwenye koti jeupe anayetazama juu akifikiri. Ni kungoja simu. Daktari wa upasuaji amesema saa nne, anamaliza saa tisa. Unashuka na kopo lenye barafu, mtaalamu wa patholojia anakukatia kipande cha ukubwa wa punje ya mchele, maana sehemu kubwa ni ya mgonjwa na ya ripoti yake. Unakikatakata kwa wembe, unakitia vimeng'enya, unakiosha, unakichanganya na jeli iliyo baridi, unadondosha matone, unakigeuza kisahani chini juu ili seli zisizame, unakitia kwenye nyuzi 37. Kisha unakilisha kila baada ya siku 2 au 3. Oganoidi hazijui Eid wala Krismasi. Ni kama kufuga mbuzi wasio na malisho. Kipande cha utumbo kinakuja na bakteria wake, na kuvu huingia usipoangalia. Mwaka wangu wa pili nilipoteza oganoidi za wagonjwa 11 kwa kuvu, kwa sababu nilichoka nikatumia chupa moja ya chakula kwenye visahani vyote. Wawili kati ya wagonjwa wale walikuwa wamekwisha kufa, hakukuwa na kipande kingine cha kwenda kuomba. Nilikaa kwenye ngazi za dharura nikalia, kisha nikarudi kuosha inkubeta. Tangu siku hiyo kila mgonjwa ana chupa yake, na ndani ya wiki za mwanzo sehemu ya oganoidi zake inaenda kugandishwa kwenye nitrojeni ya baridi kali.

Umesema uko dhaifu kwenye hesabu? Hukusema, lakini karibu kila anayeniandikia husema. Utahitaji takwimu na kuandika programu ndogo za kuchambua picha na vinasaba. Zinafundishika ndani ya miezi. Kinachochukua miaka ni jicho: kuangalia slaidi na kujua hiki ni saratani, hiki ni utando wa kawaida umekua ukaipiku. Kwenye mapafu hilo hutokea sana, mtu anajaribu dawa mwaka mzima kwenye seli za njia ya hewa zilizo nzima kabisa akidhani ni uvimbe. Wewe umeshika slaidi kazini. Hiyo ni mali, usiingie kwenye mahojiano ukiinamisha kichwa.

Kwa hiyo, kwenda au kubaki? Uholanzi mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa mwenye mkataba wa miaka 4 na mshahara, kwa hiyo hutakuwa ombaomba, ingawa kodi ya chumba Utrecht itakushangaza. Kuna njia ya tatu pia: uzamivu wa kugawanya, miezi huku na miezi kule, msimamizi mmoja kila upande. Njia hiyo ina kasoro moja, wasimamizi wawili wanaosukumiana lawama, lakini inakuacha na mguu hospitalini kwako. Na kubaki si kushindwa. Hospitali zetu zina njaa ya watu wanaoweza kupima vinasaba vya uvimbe kwenye nta, na mgonjwa wa mwaka kesho anamhitaji huyo kuliko anavyonihitaji mimi. Ukiniuliza mimi binafsi, kwa barua uliyoandika, ningekwenda, kwa sharti moja: mradi wenyewe uwe na mlango wa kurudi nao. Kama wanakupa kazi ya kujaribu dawa za kampuni kwenye oganoidi za utumbo zilizokwisha kuota, utapata cheti kizuri na hoja ya bosi wako itakuwa sahihi.

Hilo utalijua kwa kuuliza, na mengine huyapati kwa barua pepe. Muulize msimamizi katika vipande 10 vinavyoshuka kutoka hospitalini ni vingapi vinaota. Anayekujibu "vyote" muogope. Muulize ukimaliza utaruhusiwa kuondoka na nini: itifaki, yaani maelekezo ya kazi hatua kwa hatua, seli za L-WRN, oganoidi zenyewe? Omba kuongea na wanafunzi wake bila yeye kuwepo, kwa video ikibidi, na usikilize wanavyonyamaza. Halafu tafuta mtu wa karibu, wa kukaa naye kitini, umweleze habari za baba. Utashika saratani za watu kila siku kwa miaka 4, na siku mojawapo kopo la barafu litakuwa na umio wa mtu wa umri wake. Na kama wewe au ndugu yako yeyote chakula kinaanza kukwama kifuani, ugali kwanza, kisha hata wali, msingoje mpaka uji ukwame. Nendeni mkapimwe kwa endoskopi, kile kipimo cha kamera inayopitishwa kooni.

Kabla ya mahojiano fanya jambo moja hapo hapo kazini kwako. Omba ruhusa kwa bosi, kaa nje ya chumba cha upasuaji siku tatu ukiwa na saa na daftari. Kila uvimbe unaotolewa, andika dakika uliokatwa, dakika ulioingia formalini, nani aliubeba, uliwekwa wapi akingojwa mtu wa kuupeleka. Kisha muulize nesi wa chumba hicho kama angekubali kugawa kipande mara mbili, nusu formalini kama kawaida, nusu kwenye kichupa cha maji ya baridi, na kitu gani kingemzuia. Atakutajia vitu ambavyo hakuna profesa wa Utrecht anayevijua. Viandike kama alivyovisema, uende navyo kwenye mahojiano.